Stelingi dampa: yasaidia ama yaficha ugonjwa?

Mwana wa Kisauni: Assalam aleikum wana jamvi. Nina Land Cruiser pikapu, ile modeli 79. Jumapili natoka Kaloleni nateremka Mazeras, mwendo kama 80 hivi, nikapiga shimo moja tu usukani ukaanza kuchezacheza mikononi haushikiki, chupa ya chai ikamwagikia mapaja ya mke wangu. Kutulia mpaka nilipopunguza mwendo. Fundi wangu asema nifunge stelingi dampa mpya, ile nene ya gesi, elfu kumi na nne. Yafaa kitu ama nauziwa jina?

Shehe Dizeli: Funga ulale. Hiyo ni shoki iliyolazwa tu, ncha moja yashika ekseli ama chesisi, ncha ya pili yashika rodi ya stelingi. Ndani mna mafuta na pistoni yenye vitundu. Ukikata kona taratibu mafuta yapita bila neno, shimo likisukuma tairi ghafla mafuta hayawahi kupita, basi ule mpigo wafia humo haufiki mkononi. Toyota wenyewe waliiweka toka kiwandani, Land Rover Defender vilevile. Ingekuwa haina kazi wangepoteza pesa zao?

Bi Mtwapa: Waliiweka kwa gari zima Shehe, si kwa gari gonjwa. Jimny yangu ilinitetemesha mwaka mzima, nshabadilisha dampa mbili, kila mpya yatulia miezi mitatu kisha ngoma ni ileile. Mwisho fundi mmoja wa Jomvu akamkalisha kijana kwa usukani, injini yaunguruma, avute kidogo kushoto kidogo kulia, yeye chini ya gari ashika jointi moja moja kwa kiganja. Akaniita, mama njoo ushike hapa. Nikaweka mkono pale kwa bushi ya panadi rodi, ile fimbo izuiayo ekseli isiende kando, wallahi yacheza kama jino la mtoto. Bushi mbili na beringi za kingpini, pale gurudumu lizungukapo likikata kona, kwisha. Mpaka leo yatembea na dampa yake kuukuu.

Shehe Dizeli: Mama kwa heshima zote, Jimny na Land Cruiser si mizani moja. Na hata Jeep, 2020 kama sikosei, wenye Wrangler walilalamika usukani wacheza, kampuni ikawabadilishia nini? Dampa!

Bi Mtwapa: Ilikuwa 2019. Na Jimny yangu ina ekseli nzima mbele, kipande kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, kama hiyo pikapu, ugonjwa ni mmoja. Udogo wa gari usikudanganye, Shehe.

Spana Kumi na Saba: Mwana wa Kisauni, umeiinua hiyo gari? Ama umevalisha tairi kubwa? Ukiinua springi bila kurekebisha kasta, yaani ule mlalo wa mhimili wa kukatia kona, magurudumu yapoteza ile nguvu ya kujirudisha katikati, kutetemeka hapo ni rahisi. Anza na balansi ya tairi, taerodi endi, zile jointi za ncha za rodi ya stelingi, kisha bushi. Na dampa ya gesi angalia, ile gesi yasukuma rodi nje saa zote, gari laweza kuvuta upande mmoja. Ya mafuta matupu haina hayo. Ya zamani itoe uivute kwa mkono, ikifika mahali yateleza bure hakuna uzito, mafuta yashaisha.

Wa Buruburu: Shida hapa si dampa, ni mafundi wa Coast. Huyo hatafuti ugonjwa, anabadilisha vitu mpaka kelele iishe, na katikati saa saba hadi saa kumi amelala. Mimi gari yangu napandisha nayo Nairobi, Kirinyaga Road, siku moja imeisha.

Kapteni Likoni: Ebo! Mwaka juzi nilipeleka langu huko huko kwenu, likalala gereji siku mbili. Nafika Voi tairi lapasuka, naangalia nyuma sina spea, sina jeki, hata ile kamba ya kufungia mzigo haiko. Heri fundi anayelala kuliko asiyelala.

Wa Buruburu: Ulienda kwa mafundi wa barabarani, hiyo ni juu yako.

Kapteni Likoni: Si wewe umesema Kirinyaga Road? Huko ni hotelini?

Mwana wa Kisauni: Na fundi wangu halali mchana. Yuko Magongo, saa nane jua la utosi yuko chini ya lori. Huyu mtu asitukane watu asiowajua.

Bi Mtwapa: Kisauni, jibu swali la Spana basi. Umeiinua?

Mwana wa Kisauni: Nitajibu, lakini kwanza huyu aombe radhi.

Shehe Dizeli: Hapo niko nawe. Hawa wateremka na gari zao Desemba, wazipeleka ufuoni mpaka maji ya magurudumu, Machi chini kote kutu, kisha walaumu fundi boliti imekatika. Huku chumvi yatembea hewani yakhe! Fundi wa bara hajawahi kufungua boliti iliyoliwa na chumvi, atalia.

Wa Buruburu: Yangu naiosha chini kila nikitoka Diani. Lakini hiyo ya boliti ni ukweli, mwaka jana walikata moja na gesi wakachoma na bushi.

Kapteni Likoni: Nani walikata?

Wa Buruburu: Si lazima kila kitu kisemwe hapa.

Shehe Dizeli: 😂😂😂 siku moja imeisha

Spana Kumi na Saba: Kisauni bado nangoja. Imeinuliwa ama la?

Mwana wa Kisauni: Inchi mbili. Aliinua huyo huyo wa Magongo.

Wa Buruburu: Sitasema kitu. Bi Mtwapa, huyo wa Jomvu Jumapili hufungua?