Siku ya usafi kwenye jengo letu Uppsala: niende na nini?

Binti wa Ngamiani

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa wanaoishi Uswidi, hasa Uppsala na maeneo ya jirani.

Tulihamia kwenye fleti yetu huku Sala backe mwezi wa kumi na moja: mimi, mume wangu na mtoto wa miaka mitatu. Ni jengo la ushirika, tumenunua kwa mkopo wa benki kama wengi. Tangu siku hiyo majirani nawajua kwa viatu tu. Kuna mwenye buti za njano, kuna mwenye raba za kukimbilia, na mzee mmoja wa kandambili anayeshuka nazo kuchukua gazeti hata kukiwa na barafu. Tukikutana kwenye ngazi ni "hej", kisha mlango unafungwa.

Sasa juzi nimekuta tangazo limebandikwa mlango wa chini, kando ya orodha ya zamu za chumba cha kufulia. Städdag, yaani siku ya usafi, Jumamosi, saa nne asubuhi. Chini yake wamechora reki na soseji. Theluji imeisha kweli, uani kumebaki changarawe tupu na majani yaliyooza tangu mwaka jana.

Ni lazima au hiari? Mume wangu siku hiyo ana zamu, nitakuwa peke yangu na mtoto. Nibebe vifaa vyangu? Nilikuwa nafikiria kupika sinia la pilau niwashushie, angalau wanijue. Halafu hiyo soseji: sisi hatuli nguruwe, nitaikwepaje bila kuonekana najidai?

La mwisho, mwenzangu kazini ananiambia kipindi cha Pasaka watoto watanigongea mlango wamevaa kama wachawi, nisishtuke. Ni kweli au ananipima akili?

Mluhya wa Västerås

Karibu spring dada! Hiari, hakuna askari atakuja kukutoa kwa nyumba. Kwetu asiyefika hafanyiwi kitu, lakini wanakumbuka, hao watu hawasahau.

Kama mko na gari, soma vibao vya barabarani kwanza. Manispaa hupita kufagia hiyo changarawe waliyomwaga wakati wa barafu, na ukiwa umepaki upande usiofaa siku hiyo utalipa faini kubwa kuliko hiyo pilau yako. Na kama bado mko na tairi za misumari, mwisho ni tarehe 15 Aprili, isipokuwa barabara ziwe bado na barafu. Ya wachawi ni kweli, nunua peremende.

Shangazi wa Luthagen

Marahaba mwanangu. Nimekaa Uppsala hapa tangu Swish ya kulipana kwa simu haijaanza, watu wakilipana kwa noti kwenye mnada wa uani, na niliwahi kuwa kwenye kamati ya ushirika wa jengo letu. Kwa hiyo nisikilize mimi, huyo mwanangu wa Västerås ana mawazo ya magari tu.

Nenda. Hiari ndiyo, lakini nenda. Uswidi mtu hazungumzi mlangoni, anazungumza akiwa ameshika reki. Hao wa "hej" na kufunga mlango, siku hiyo watakueleza habari za mgongo wao, za mtoto aliyehamia Malmö na za bomba lililopasuka jengo zima likakosa maji. Wakimaliza watarudi kwenye "hej" yao mpaka majira ya kupukutika, wakati kuna siku ya usafi nyingine. Usichukie. Ndivyo walivyo, na ukishazoea kuna raha yake.

Saa nne ni saa nne. Ukifika saa nne na robo, reki nzuri zimeshachukuliwa, umebakiziwa ile yenye meno matatu. Vifaa vinatolewa stoo, wewe beba glavu zako tu na umvalishe mtoto suruali ya mpira, maana nyasi zinakuwa zimelowa chapachapa. Kutakuwa na karatasi ya kazi ukutani. Usikubali kazi ya stoo ya chini wala ya chumba cha takataka. Huko utafagia na vumbi lako peke yako. Andika jina kwenye sanduku la mchanga la watoto au vitalu vya maua. Kwenye sanduku la mchanga ndiko wanakokusanyika wazazi wenzio, mchanga wa zamani unatolewa, mpya unaingizwa kwa toroli, na watoto wanafanya fujo pamoja. Hapo ndipo mwanao atakapopata rafiki wa kiangazi chote.

Kuna jambo moja watu wageni hawaambiwi. Kabla ya siku hiyo angalia baiskeli yako. Wengi hufunga kijikaratasi au utepe kwenye kila baiskeli ya uani na ya chumba cha chini. Ya kwako utoe huo utepe mwenyewe. Ikibaki nao, wanahesabu haina mwenyewe na itaondolewa. Mnigeria mmoja wa ngazi ya pili kwetu alikuwa safarini, amerudi baiskeli haipo, na alikuwa ameifunga kwa kufuli mbili!

Kontena kubwa likiletwa ni la makochi, magodoro na mbao. Rangi, betri na vifaa vya umeme usitupe humo, hivyo vina kituo chake. Na ukiona kiti kizuri kimewekwa pembeni ya kontena, uliza, chukua. Hakuna aibu. Nusu ya viti vya balkoni yangu vimetoka huko.

Pilau acha. Sikatai mapishi yako, Tanga nawajua. Lakini sinia la pilau kwa watu waliojipangia kahawa na soseji linawachanganya: nani apakue, sahani ziko wapi, tulipe? Pika mandazi. Weka iliki nyingi, maana Waswidi iliki wanaipenda kwenye mikate yao mitamu kuliko hata sisi. Kanda kwa tui la nazi bila maziwa wala mayai, uandike hivyo kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye bakuli, pamoja na kwamba hayana karanga. Hapa kila watu watano mmoja ana kitu asichokula, na ukishaandika umewatoa wasiwasi wote. Shusha mandazi wakati wa kahawa, inakuwa kama saa tano na nusu. Usiyatoe mapema, fanya kazi kwanza.

Kuhusu soseji usijieleze sana. Sema "jag äter inte fläsk", sili nguruwe, basi. Wao wenyewe wapo wasiokula nyama kabisa, na kwa kawaida jiko linakuwa na upande wa soseji za mboga.

Nikugusie na tarehe 30 Aprili, mkesha wa Valborg, maana hautakuwa mbali. Ndiyo siku ya kuwasha moto mkubwa na kuimba kwaya kuyakaribisha majira ya kuchipua. Bendera utaziona kila mlingoti, lakini hizo ni za kuzaliwa kwa mfalme, imegongana tarehe. Matawi mtakayokata siku ya usafi, kwenye majengo mengine huishia kwenye moto huo. Ukiona wanaume wazima wanabomoa rundo la kuni na kulipanga upya mchana wa siku yenyewe, hawajachanganyikiwa: kalunguyeye huingia chini ya rundo kujificha, wanawatoa wasiungue. Na masika ya huku yakiwa makavu, moto hupigwa marufuku, watu wakaishia kuimba mbele ya kuni baridi.

Uppsala siku hiyo ni ya wanafunzi. Mpeleke mtoto asubuhi mto Fyris aone mashua zao za kujitengenezea zikishindana na maji na kusambaratika, atacheka mpaka basi. Mchana toka mjini. Kuanzia saa tisa ni kofia nyeupe na chupa. Jioni nendeni kwenye moto wa Gamla Uppsala, au wa mtaani kwenu kama upo. Jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo mtoto alale mchana.

Salongo ya Kadutu

Mama Shangazi amesema yote. Mimi natoka Bukavu, niko Göteborg. Sisi tulikuwa na salongo, kazi ya usafi ya wote, majirani Warwanda wako na umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Watanzania muko na yenu. Kwa hiyo dada, kazi unaijua. Tofauti ni moja: huku hakuna mkubwa wa mtaa wa kupiga kelele. Watu wanafanya kimya, hata kikohozi kinasikika.

Kwa wachawi niongeze. Wanakuja wasichana na wavulana, wamefunga vitambaa kichwani, mashavu mekundu, madoa yamechorwa kwa penseli ya macho ya mama yao. Wanakupa kadi waliyochora, wewe unawapa peremende, wakati mwingine wanataka coins. Usiwape chakula chenye mafuta, wanaweka yote ndani ya birika ya kahawa. Wanakuja Jumamosi, siku moja mbele ya Pasaka. Na moto wetu tunawasha siku hiyo hiyo.

Shangazi wa Luthagen

Jumamosi ni kwenu magharibi, baba. Uppsala wanakuja Alhamisi Kuu, na moto ni Valborg. Usimponze binti akae na peremende siku mbili bila mgeni.

Binti wa Ngamiani

Asanteni sana, nimecheka peke yangu jikoni. Utepe! Nimeshuka sasa hivi, na kweli baiskeli ya mume wangu ina kikaratasi cha waridi kwenye usukani. Nimekitoa.

Mandazi nimekubali, Shangazi, ingawa roho ya pilau inaniuma. Swali la nyongeza: uani kwetu kuna masanduku ya mbao ya kupandia, yamejaa udongo, mengine matupu. Nataka moja nipande mchicha. Nimwombe nani? Na udongo ukishalegea naweza kumwaga mbegu mwezi huu huu?

Mluhya wa Västerås

Mchicha utakufa. Panda sukuma wiki, hiyo ndugu yake iko hapa kila duka inaitwa grönkål, baridi haiisumbui. Mimi huweka miche nje mwezi wa tano na navuna mpaka theluji ianguke juu yake.

Shangazi wa Luthagen

Kwa mara ya kwanza Västerås kasema la maana, ila mchicha haufi ukiutunza. Mbegu ziweke sasa kwenye makopo ya mtindi, dirishani, upande wa jua. Nje usiutoe mpaka umeingia Juni. Mwisho wa Mei utakuta mchana joto mpaka watu wanalala kwenye nyasi, usiku barafu inashuka na kuua kila kitu chenye asili ya kwetu. Wenyewe wana jina la usiku huo, huita usiku wa chuma. Ukipita huo, mchicha unakuja mbio kwa sababu jua halilali. Utachuma kila wiki.

Sanduku usiombe kwa barua pepe, utajibiwa baada ya mwezi. Siku ya usafi, mkiwa kwenye kahawa, uliza kwa sauti: hili tupu la nani? Mtu wa kamati atakuwepo, mara nyingi ndiye mwenye funguo za stoo. Akisema halina mtu, andika jina lako na namba ya fleti kwenye kijiti kwa kalamu isiyofutika, ukichomeke papo hapo. Nenda na kalamu mfukoni.

Na yule mzee wa kandambili mfikishie andazi mkononi. Wazee wa namna hiyo ndio wanaojua ni sanduku lipi linapata jua la jioni.