Skripti ya bash imeniangushia seva tano, nihamie Ansible au niirekebishe tu?

fundi_kinondoni

Wakuu habari za leo, naombeni msaada wa mawazo maana nilipofika peke yangu sivuki. Natunza seva 14 za Ubuntu 22.04, kila mteja ana yake, zote zina nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti), PHP na MariaDB (database), na juu yake mfumo wa mauzo tunaoutengeneza wenyewe. Nikitakiwa kubadili kitu nina skripti moja ya bash yenye lupu ya `for`, inaingia seva moja kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), inafanya kazi yake, inatoka, inaenda nyingine. Imenibeba miaka miwili bila shida.

Sasa Jumanne wateja wakawa wanashindwa kupandisha picha za bidhaa, na najua nginx usipoiambia kitu inakataa faili lililozidi mega 1, basi nikaweka hivi kwenye lupu:

```
echo "client_max_body_size 20m;" >> /etc/nginx/conf.d/ukubwa.conf
systemctl restart nginx
```

Ilipofika seva ya sita intaneti ya ofisini ikakata. Ikarudi, nikaanzisha skripti upya toka mwanzo. Zile tano za kwanza zikaandikiwa mstari mara ya pili na nginx ikagoma kuwaka, inalalamika `"client_max_body_size" directive is duplicate`. Saa nne asubuhi hiyo, watu wamejaa madukani, simu zinaita mfululizo na mimi naingia seva moja moja kufuta mstari kwa mkono huku natetemeka. Dakika 25 maduka matano hayauzi.

Nataka nisirudie tena. Nihamie Ansible? Puppet? Zile programu za kupanga seva nyingi kwa pamoja. Bosi anasema skripti ipo, kujifunza kitu kipya ni kupoteza muda. Na je, seva zenyewe lazima ziwekewe programu nyingine? Maana nyingi zina RAM ya giga 1 tu.

mzee_wa_terminali

Pole sana mkuu, hiyo hali naijua, mkono unatetemeka na amri unazikosea.

Kabla ya kuhama angalia zile alama `>>`. Umeiambia seva "ongeza", nayo inaongeza kila ukiiita. Skripti ya seva inatakiwa uweze kuiendesha mara moja au mara kumi na matokeo yawe yaleyale, kwa sababu intaneti itakata tu, umeme utakatika tu, na wewe utairudia tu. Andika faili zima kwa `>` badala ya kuongeza mstari. Tumia `mkdir -p` badala ya `mkdir`. Mtumiaji mpya, uliza kwanza kama yupo ndio umuunde.

Halafu ile `restart` ndiyo iliyokuumiza zaidi. Ristati inaizima nginx kwanza ndio inajaribu kuiwasha, sasa kama konfigi (mipangilio) ni mbovu imezimika na haiwaki. Reload inasoma konfigi mpya bila kuizima. Ungeandika `nginx -t && systemctl reload nginx`, ingeona kosa, ingekataa, na wateja wangeendelea kuuza kwa konfigi ya zamani bila kujua kama kuna kitu kimetokea.

Na kuongeza mstari mwishoni kuna ubaya mwingine ambao haupigi kelele. Mimi niliongeza `PasswordAuthentication no`, yaani mtu asiingie kwa paswedi, mwisho wa `/etc/ssh/sshd_config` kwenye seva kadhaa nikalala usingizi mzuri. Miezi baadaye nikaandika `sshd -T | grep -i passwordauth` na jibu likaja `yes`. SSH inachukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, na juu kabisa ya faili hilo Ubuntu imeweka mstari wa `Include` unaosoma folda ya `sshd_config.d`, humo kulikuwa na `50-cloud-init.conf` inayosema yes. Mstari wangu wa mwisho ulikuwa hausomwi hata kidogo. Muda wote huo seva ziko wazi kwa kila anayebahatisha paswedi. Tangu hapo siamini nilichoandika kwenye faili, naiuliza programu yenyewe inaona nini.

dada_wa_mitambo

Mzee kasema kweli tupu, ila kaka kwa seva 14 mimi ningekwambia hamia Ansible wiki hii hii. Kwenye seva huweki chochote, inapita kwa SSH hiyo hiyo unayotumia na inahitaji Python tu, ambayo Ubuntu tayari inayo. Ilianza 2012, aliianzisha Michael DeHaan, Red Hat wakainunua 2015, kwa hiyo si kitu cha majaribio. Puppet ni nzuri lakini kwa kawaida inataka ajenti kwenye kila seva, programu ndogo inayorudi kuuliza kila nusu saa, kwa RAM ya giga 1 mimi nisingejisumbua.

Kazi yako ya Jumanne ingekuwa hivi:

```
- hosts: maduka
  become: true
  serial: 1
  tasks:
    - name: ukubwa wa faili
      copy:
        dest: /etc/nginx/conf.d/ukubwa.conf
        content: "client_max_body_size 20m;\n"
      notify: nginx imebadilika
  handlers:
    - name: pima konfigi
      command: nginx -t
      listen: nginx imebadilika
    - name: riload nginx
      service:
        name: nginx
        state: reloaded
      listen: nginx imebadilika
```

Isome taratibu. Hujasema ongeza, umesema faili hili liwe na maneno haya. Likiwa nayo tayari Ansible hailigusi, na mwisho inakuandikia `changed=0`. Hiyo `serial: 1` ndiyo ningekusihi usiisahau, inamaliza seva moja ndio inaenda ya pili, na ikifeli kwenye ya kwanza inasimama pale pale. Lingeathirika duka moja, au hata hilo lisiathirike kwa kuwa nginx haijazimwa.

Kabla ya kuigusa seva yoyote endesha na `--check --diff`, inakuonyesha mstari upi utatoka na upi utaingia bila kubadili kitu. Kisha `--limit` kwa seva moja, ikiwezekana ya kwenu wenyewe, kunywa chai, angalia, ndio uachie zote.

Kuna mtego mmoja ambao ulinitesa siku nzima. Hizo kazi za `handlers`, zinazoitwa pale tu kitu kikibadilika, zinasubiri mpaka mwisho. Kama faili limeshabadilishwa halafu kazi inayofuata ikafeli, riload haifanyiki. Unarekebisha, unaendesha tena, sasa Ansible inaona faili liko sawa, haiziiti handlers, na nginx inabaki na konfigi ya zamani wakati wewe unaona kila kitu kijani. Tumia `--force-handlers`, au weka `meta: flush_handlers` mara tu baada ya kazi za nginx.

bahari_na_kodi

Ndugu yangu umepata majibu mazuri upande wa konfigi, mimi niko Mombasa niongezee upande wa kupandisha mfumo wenyewe, maana nahisi unaingia kwenye folda na kupiga `git pull` (kuvuta toleo jipya la mafaili kutoka git) mfumo ukiwa hewani. Nimekosea?

Kama ndivyo, acha. Katikati ya pull nusu ya mafaili ni mapya na nusu ya zamani, na mteja anayebonyeza kitufe sekunde hiyo anapata kosa. Tengeneza folda mpya kila unapopandisha, ipe jina la tarehe na saa, weka kodi (code ya mfumo) humo, vuta paketi zake humo, na ikishakamilika ndio unahamisha kiungo (symlink, njia ya mkato ambayo nginx inaifuata) kinachoitwa `current` kielekee huko. Kiungo kipya kiunde pembeni kisha ukisukume kwa `mv -T` juu ya cha zamani, kinabadilika kwa mara moja. Bakisha folda tano za nyuma. Mambo yakiharibika unarudisha kiungo tu, hata kahawa haijapoa.

Ukibadilisha kiungo na PHP ikawa bado inaonyesha kodi ya zamani usishangae, imeshika njia ya zamani kwenye kumbukumbu yake. Riload `php8.1-fpm`, au kwenye nginx tumia `$realpath_root` badala ya `$document_root`.

Ila database hairudi nyuma na kiungo. Ukiwa unafuta kolamu usiifute siku hiyo hiyo, pandisha kwanza kodi isiyoihitaji, ikae wiki, ndio uifute. Na bakapu kabla ya yote, na uwe umewahi kuirudisha kwa mkono wako ukaona inarudi.

fundi_kinondoni

Wakuu nashukuru mno, mmenipa kitu ambacho ningekitafuta mwezi mzima. Mzee, nimepima `sshd -T` jana usiku, seva tisa kati ya 14 zilikuwa `yes`. Nimezifunga zote, nimeweka faili la `10-funga.conf` ili lisomwe kabla ya lile la 50. Bahari, ndiyo, nilikuwa napiga `git pull` hewani.

Pleibuku ya nginx (lile faili la maagizo ya Ansible) ipo tayari na nimeijaribu kwa seva yetu ya majaribio, nimeiendesha mara tatu, ya pili na ya tatu `changed=0`. Swali moja limebaki: paswedi za MariaDB nilikuwa nimezisukuma kwenye git pamoja na skripti. Nifanyeje?

dada_wa_mitambo

Kaka zibadilishe leo, zote. Ukizifuta kwenye faili historia ya git bado inazo. Mpya ziweke kwenye faili moja la vigeuzi ulifunge kwa `ansible-vault encrypt`, hilo unaweza kulisukuma kwa sababu limefichwa kwa AES256 (njia imara ya kusimba), lakini ufunguo wake usikae humo. Na kazi zinazotumia paswedi ziwekee `no_log: true`, la sivyo zitajiandika zenyewe kwenye skrini.

fundi_kinondoni

Nimeanza na seva ya kwanza sasa hivi. Leo pia tumepata mteja mpya, kwa hiyo nimetengeneza seva tupu na kuiachia pleibuku yote kuanzia mwanzo. Zamani ilinichukua nusu siku na daftari pembeni, leo dakika 11 na mfumo umefunguka. Nimemwita bosi aone, ameniambia nizihamishe zote 13 zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi, nitafanya usiku maduka yakifungwa, moja moja.