Tupeane uzoefu: kansa ya tezi dume iliyosambaa, majibu mliyaelewaje siku ya kwanza?

#1
Wakuu, leo napanga makaratasi nikakuta majibu ya kinyama alichokatwa mzee kwenye tezi kwenda kupimwa, nikacheka peke yangu halafu machozi yakanitoka. Gleason, zile alama wanazoipa kansa, 4+5=9. Mzee ni mwalimu mstaafu, alivaa miwani akasoma akasema "tisa kwa kumi, si haba." Tukanyamaza wote mpaka kwa daktari, ndo kutuambia huu mtihani ukipata nyingi umefeli, 6 ni ile ya upole, 10 ndo kali kabisa. Nyie mlielewa nini?

#2
Yetu ilikuwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume. Tumezoea kusikia isizidi 4, karatasi inasoma 1,340. Bro kang'ang'ania ile ni nukta, yaani moja na ushee, tukalala usingizi mnono siku mbili. Haikuwa nukta.

#3
😂😂 pole mkuu, ila nimecheka

#4
Mimi nilimchelewesha baba. Skani ilionyesha madoa kwenye uti wa mgongo, nyonga na mbavu, nikatangazia ukoo mzima ana kansa mbili, kumbe ni ile ile ya tezi imehamia mifupani na ndo maana anachomwa sindano za homoni. PSA ikatoka 600 na kitu hadi 2, furaha, nikawa naangalia namba tu mtu mwenyewe simuangalii. Akianza mgongo unauma namwambia baba PSA imeshuka hiyo baridi. Ijumaa miguu ikawa mizito, Jumamosi mkojo ukagoma, Jumapili alfajiri ananiita "mwanangu, miguu siisikii." Tulimtoa na shuka. MRI ikaonyesha kansa imebana uti wa mgongo, akapigwa dexamethasone ya kupunguza uvimbe hapo hapo halafu mionzi. Daktari akaniuliza miguu imeanza lini, nikasema jana. Nilidanganya wakuu. Mgongo ukiuma na miguu ikalegea kimbieni siku hiyo hiyo.

#5
Dah.

#6
Sasa hivi anatembea?

#7
Mlimwambia mzee ukweli lakini? Sisi tulimficha mwaka mzima

#8
Kumficha mtu ugonjwa wake ni dharau. Mwili wake huo.

#7
Wewe humjui mzee wangu, presha ingemuondoa kabla ya kansa

#8
Na sindano mlimwambia za nini, malaria?

#9
Gombaneni pembeni, mgonjwa mwenyewe nipite. Niliambiwa "wastani miaka mitatu" nikagawa suti zangu zote. Huu mwaka wa tano na suti wamekataa kurudisha. Ile ni katikati tu, nusu ya watu wanaondoka kabla, nusu wanapita, haikuambii wewe uko kundi gani. Daktari wangu aliangalia PSA imeshuka hadi wapi kufikia kama mwezi wa saba wa sindano, ikifika 0.2 au chini ana matumaini kuliko ile iliyogoma juu ya 4. Na ulizeni testosterone pia, ile homoni ya kiume ambayo sindano inaishusha, maana PSA ikipanda wakati testosterone iko chini kabisa, ujue kansa imeanza kuizoea sindano, hapo wanaongeza dawa nyingine.

#10
Pimeni PSA kila mwezi, muwe na daftari

#11
Kila mwezi utapata wazimu bure. Yangu ilipanda wiki za mwanzo za kemo nikataka kuacha, daktari akasema tulia, ikashuka yenyewe.

#10
Haya, daftari bila kipimo basi 😅

#12
#8 ile ya malaria umezidi, omba radhi

#13
Nimekuja kusoma tu, majibu ya baba mkwe ni kesho. #1 mzee alipoambiwa kafeli alisemaje?

#1
Kaomba kurudia mtihani.

#6
Namba 4 hujanijibu

#4
Samahani mkuu. Anatembea na fimbo, kitandani hadi mlangoni. Nikirudi na majibu ananiambia weka chini hiyo karatasi kwanza, angalia miguu.