Kuta za gari la kempu zimeoza kwa maji: plaiwudi, PVC au alukobondi?

Mzururaji_AR: Wakuu, salaam. Gari langu la kulala porini limeingia maji masika haya, kuta za ndani zimevimba. Nikibonyeza, kidole kinazama kama kwenye unga wa maandazi. Fundi mmoja anasema plaiwudi, mwingine PVC, zile mbao za plastiki, jirani yangu wa mabango anasema alukobondi, yale mabamba ya alumini. Nataka kuanza Jumatatu. Ipi nzuri?

fundi_mbao: Gari gani? Kuta za nini? Maji yanaingilia wapi? Umeuliza nusu swali mkuu.

Mzururaji_AR: Samahani. HiAce ya paa refu. Kuta ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 6, nyuma kuna sufi ya kioo ya kuzuia joto na baridi. Maji sijui yanaingilia wapi.

fundi_mbao: Basi Jumatatu usianze. MDF ikishavimba ndiyo imekwisha, ng'oa. Halafu tafuta tundu kwanza: mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira, aanze chini apande taratibu. Ukianza juu, maji yanashuka kote, hutajua yalikoingilia. Mimi ni plaiwudi ya marini tu, ile ya boti, na kingo uzipige vanishi kabla ya kufunga.

MamaKempu: PVC waachie wenye saluni. Mwaka juzi fundi alinifungia juu ya mbao mbichi, akaniambia "dada, plastiki haiozi". Kweli haikuoza, zilioza mbao za nyuma. Miezi mitatu gari linanuka soksi za bweni, nikalaumu godoro, nikanunua jingine! Siku moja njia ya Ziwa Natron, gari linatetemeka hadi meno, kipande kikapasuka kwenye skrubu. Nakivuta, nakuta uyoga. Mweupe, una shina na kofia, umejipanga usawa wa mto wangu. Mgeni wangu akaupiga picha kabla sijasema neno.

Pwani_Raha: Pole dada, lakini hilo kosa la fundi, si la PVC. Hapa Mombasa chumvi inakula kila kitu, yangu iko vilevile.

MamaKempu: Kaka, Mombasa kuna baridi ya Ngorongoro? Kule ukingoni, zaidi ya mita 2,200, mkilala wawili madirisha yamefungwa, asubuhi bati linatiririka kwa ndani. Hiyo ni pumzi yenu. Alukobondi nayo itatoa jasho hivyohivyo.

Mzururaji_AR: Kwa hiyo huenda hakuna tundu?

fundi_mbao: Pamevimba wapi?

Mzururaji_AR: Kona ya nyuma, juu, chini ya bolti za keria.

bisibisi77: Keria! Ulitoboa paa, hukusema? Uliziba na nini?

Mzururaji_AR: Silikoni.

bisibisi77: Ile inayonuka siki? Inakula bati hiyo. Weka Sikaflex, ile gundi ya kuzibia.

fundi_mbao: Hata Sikaflex ukiipaka juu ya vumbi na kutu itabanduka.

bisibisi77: Nani kasema apake juu ya kutu? Naziba mapaa tangu wewe hujashika randa.

Pwani_Raha: Haya sasa.

Mzururaji_AR: Nimeng'oa kipande cha kona jioni hii. Sufi nimeikamua, imetoa kikombe kizima cha maji ya rangi ya chai. Keria naishusha kesho. Ukuta bado sijaamua.

dogo_wa_Usa: Mkuu, hiyo keria ukishaishusha unaiuza?