Naomba ushauri: je, mota ya kuzungushia kuku juu ya mkaa ina faida?

Ndugu zangu, salaam. Huwa nachoma kuku wazima kwenye jiko la nusu pipa, na ingawa ngozi hupendeza, kifua hukauka kabla nyama iliyoshikana na mfupa wa paja haijaiva, hata ninapowageuza mara kwa mara. Nafikiria kununua ufito wa chuma unaozungushwa na mota, kwa kuwa nyama inayozunguka hujipaka mafuta yake yenyewe, na mkaa ukisogezwa pembeni mafuta hayadondokei moto na kuzua moshi mchungu. Kinachonitia shaka ni kukatika kwa umeme, na uzito pia: je, mota ndogo humudu kuku wawili, au ni bora nimpasue kuku mgongoni na kumbanika akiwa bapa? Mliowahi kuitumia, naomba mnieleze kwa uwazi.