Mrejesho: Sipi nimekwenda na kurudi siku hiyohiyo

Wakuu, mimi ni yule Mtanzania ninayesoma Mbale, Uganda, niliyeuliza kama maporomoko ya maji ya Sipi unaweza kwenda na kurudi siku moja, na kama raba zinatosha. Siku moja inatosha. Raba hazitoshi!

Daladala (huku wanaiita taksi) ilisubiri abiria hadi miguu ikafa ganzi. Maporomoko ni matatu. La chini ndilo refu, kama mita 100. Kijana wa pale aliyetuongoza alinikatia fimbo, nikaidharau. Kwenye mteremko wa migombani, tope la mvua ya usiku likanitelezesha, pu, nikakaa chini mbele ya watoto wa shule. Walivyocheka! Fimbo nikaiomba mwenyewe.

Kilichonikuna zaidi ni kahawa. Mama mmoja alitwanga arabika ya shambani kwake kuondoa maganda, akaikaanga kwenye sufuria juu ya kuni hadi ikawa nyeusi, akaitwanga tena. Mimi wa chai ya rangi niliomba kikombe cha pili.

Saa 1 usiku nilishafika bwenini. Aliyenishauri nibebe soksi za kubadili, asante sana mkuu. Mwenzangu hakubeba, na njia nzima tulifungua dirisha.