Kadi ya maksimamu ya Kilimanjaro: muhuri wa Moshi au wa Dar?

Migombani_Stempu aliuliza:

Habari zenu wakusanyaji. Niko Moshi. Stempu nakusanya tangu shule ya msingi, ila hizi kadi za maksimamu nimeanza kuzipenda juzijuzi, baada ya kuona ya piramidi za Misri kwa jamaa mmoja. Nilivyoelewa, unachukua postikadi, unabandika upande wa picha stempu yenye picha ya kitu hichohicho, halafu posta wanagonga muhuri unaoshika stempu na kadi kwa pamoja.

Mezani nina stempu mbili. Moja ni ya Tanganyika ya 1961, shilingi moja na senti 30, mwenge wa uhuru juu ya Kilimanjaro, imeandikwa UHURU 1961, haijatumika. Nyingine ni ya Tanzania ya sasa, ina mlima peke yake. Postikadi ninazo mbili pia: moja inaonyesha vilele vya Kibo na Mawenzi juu ya migomba, nyingine tembo wanapita na mlima uko nyuma yao.

Rafiki yangu anasema nitume Posta Kuu ya Dar kwa sababu huko wana muhuri mzuri. Posta niliyokwenda mimi karani alikataa kabisa, akasema stempu hubandikwa nyuma, upande wa anwani. Naomba mnielekeze: nitumie stempu ipi, kadi ipi, na muhuri wa wapi?

Baharini_Mombasa alijibu:

Karibu kaka. Kwa maoni yangu tafuta muhuri wa siku ya kwanza, yaani ule unaogongwa siku stempu inapotolewa, uwe wa Dar au wa kwingine. Muhuri wa siku ya kwanza huwa na maandishi safi na mara nyingi una kipicha kinachoendana na stempu. Mihuri ya posta ndogo imechakaa, wino hutapakaa, unaweza kuharibu kadi nzuri. Mimi zangu nyingi ni za Nairobi na nazipenda hivyohivyo. Hiyo ya 1961 jaribu kumwomba karani, huenda akakubali.

Mwalimu_wa_Ramani (Tanga) alijibu:

Mwanangu wa Moshi, tafadhali usipeleke kadi yako Dar. Umeukalia mlima wenyewe halafu utafute muhuri kilomita mia tano mbali? Nimefundisha jiografia hadi nilipostaafu, na kilichonivuta kwenye kadi hizi kuliko stempu tupu ni hichohicho: kadi inakulazimisha ujue kitu kiko wapi.

Kadi ya maksimamu hupimwa kwa mambo matatu. Picha ya stempu na ya kadi ziwe za kitu kimoja. Jina la mahali kwenye muhuri liwe na uhusiano na kitu hicho. Tarehe ya muhuri iwe ndani ya muda ambao stempu inatumika kihalali, na ikiwa karibu na siku ilipotolewa ni bora zaidi. Picha kila mtu anaiona, tarehe kila mtu anaisoma. Mahali ndipo watu wengi wanapozembea, na kwangu mimi hapo ndipo kadi inapopata uhai. Mlima una posta zake. Moshi ni sawa kabisa. Marangu, kama utapata muhuri wake, ni bora zaidi, maana ndipo njia mojawapo ya kupandia inapoanzia, na Yohani Kinyala Lauwo, anayesemekana kufuatana na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, alikuwa mtu wa hukohuko.

Ndugu yangu wa Mombasa, sikatai uzuri wa muhuri wa siku ya kwanza. Lakini angalia seti hiyohiyo ya Uhuru 1961. Stempu ya shilingi mbili inaonyesha ufuko wa Dar es Salaam. Hiyo muhuri wake ni Dar, na ukiugonga Moshi umeharibu. Ya senti 50 ina simba wa Serengeti, nayo hapo Dar haina lake. Seti moja, na kila stempu ina kwao.

Sasa hiyo ya mwenge. Usimwombe karani akugongee, na akikubali wewe kataa. Stempu ile ilikoma kutumika zamani sana, hivyo muhuri wa leo juu yake ni pambo tu. Na kumwomba mtu arudishe tarehe ya muhuri nyuma ni kughushi. Kadi ya mwenge huitengenezi leo, unaitafuta ikiwa imeshagongwa wakati ule. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge kileleni pamoja na bendera mpya. Kadi ya mlima yenye stempu ile na muhuri wa Moshi wa Desemba 1961, mwanangu, ukiikuta kwenye mafungu ya karatasi za zamani usiulize bei mara mbili. Hadi hapo, stempu yako iache safi kama ilivyo, ina thamani yake.

Kwa hiyo tumia ile ya sasa. Kuhusu postikadi, chukua kioo cha kukuzia uangalie stempu: Mawenzi iko upande gani wa Kibo? Mawenzi iko mashariki. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, kwa hiyo utaiona kulia. Ukiwa Amboseli, Kenya, unatazama kusini, basi Mawenzi inakuwa kushoto. Postikadi nyingi za tembo zimepigwa Amboseli. Stempu ikiwa na Mawenzi kulia na kadi ikawa nayo kushoto, ni mlima mmoja lakini si mandhari moja, na mtu anayejua atakuonyesha kidole. Isitoshe, kwenye kadi ile anayetawala picha ni tembo, mlima ni pazia lake. Stempu yako haina tembo. Iweke hadi upate stempu ya tembo.

Kuhusu karani, usimlaumu, kazi yake ya kila siku ni barua. Nenda asubuhi kabla ya foleni, umweleze kwamba kadi haisafiri, unataka agonge kwa mkono kisha akurudishie. Nenda na kadi nyingine iliyokwisha kugongwa umwonyeshe. Akiiona kwa macho huelewa haraka kuliko ukimweleza.

Migombani_Stempu alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Asante sana. Nimeangalia kwa kioo: kwenye stempu Mawenzi iko kulia, na kwenye kadi ya migomba iko kulia pia! Ile ya tembo iko kushoto, kama ulivyosema. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sikuwahi kuwaza kwamba upande wa pili mlima umegeuka.

Swali dogo: kadi yenyewe inang'aa sana, ni ya zile za watalii. Wino utashika? Na nikikosa postikadi ya kuendana na stempu, naweza kuchapisha kadi yangu mwenyewe kwa kuikuza picha ya stempu?

Daraja_la_Jinja alijibu:

Salamu kutoka Jinja. Namuunga mkono Mwalimu kuhusu mahali, na ninao mfano wa hapa kwetu.

Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za 1935 zina daraja la Jinja kando ya maporomoko ya Ripon ya Mto Nile. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, na maji yake yakayafunika maporomoko yale. Seti ya 1954 ikaja na picha ya bwawa lenyewe. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye kadi ya maporomoko yenye stempu ya 1935 na muhuri wa Jinja, halafu kadi ya bwawa yenye stempu ya 1954 na muhuri wa Jinja, anashika mkononi mto uleule kabla na baada. Zikigongwa Nairobi, habari hiyo yote inapotea. Mimi ninayo ya bwawa. Ya maporomoko bado naitafuta, mwenye nayo anijulishe.

Kwa mpenda milima, tafuta pia seti ya 1968 ya milima ya Afrika Mashariki. Ina Mlima Kenya, Kilimanjaro na Ruwenzori, na ina majina ya nchi zote tatu, kwa hiyo ilitumika katika posta za nchi zote tatu. Hapo ndipo hata ile kadi ya upande wa Amboseli ingepata haki yake, kwa muhuri wa Loitokitok, mji wa Kenya ulio chini ya mlima, wa miaka ile. Leo stempu ya Tanzania haigongwi Kenya.

Baharini_Mombasa alijibu:

Mwalimu, hoja ya Mawenzi imenishinda, nakubali. Nimekwenda kuzipekua zangu. Ninayo moja ya twiga wa Kenya, seti ya 1989 iliyotolewa kwa ajili ya WWF, lile shirika la kuhifadhi wanyamapori. Ni twiga wa kaskazini, wale wenye madoa kama wavu. Kwa mantiki yako muhuri ungekuwa wa Isiolo au Marsabit?

Mwalimu_wa_Ramani (Tanga) alijibu:

Marahaba mwanangu wa Moshi.

Kadi inayong'aa ni shida kweli. Wino wa muhuri unakaa juu, ukiugusa umeenea. Pata kadi yenye uso mkavu, maduka ya vitabu huwa nazo zile za zamani zilizokaa rafuni. Usipopata, mwombe karani agonge mara moja tu kwa kukaza, kisha kadi uibebe ikiwa wazi, uilaze kwenye boksi hadi kesho yake. Usiitie kwenye mfuko wa nailoni siku hiyo. Halafu hifadhi kwenye mifuko ya plastiki ya polipropilini, ile ya plastiki ya PVC huachia mafuta yanayokula wino. Moshi mna hali ya hewa nzuri. Sisi wa pwani tunahangaika na unyevu hata gundi ya stempu inajishika yenyewe kabatini.

Kuchapisha picha ya stempu iliyokuzwa, usifanye. Kadi inatakiwa iwe postikadi halisi, ikiwezekana iliyokuwa inauzwa kabla stempu haijatoka. Ndiyo raha ya jambo hili, kwamba mpiga picha na mchoraji wa stempu walifanya kazi bila kujuana, na wewe ndiye uliyewakutanisha. Ukichapisha stempu kubwa umekutanisha kitu na kivuli chake. Angalia na ukubwa pia: kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni kama sentimita 10.5 kwa 14.8, na picha ichukue angalau robo tatu ya uso. Kadi zenye picha nne nne hazifai.

Ndugu wa Mombasa, naam, Isiolo au Marsabit, kokote anakoishi twiga yule. Kadi za WWF ziligongwa kwa wingi na kuuzwa pamoja na stempu zake duniani kote, zilitufundisha wengi mchezo huu na sizidharau. Lakini twiga wako akiwa na muhuri wa Isiolo wa mwaka ule, mimi nitakuwa wa kwanza kukuomba tubadilishane.

Migombani, stempu ibandike kwenye anga, usifunike kilele. Iweke karibu na ukingo ili nusu ya muhuri ikae juu ya stempu na nusu nyingine juu ya kadi, jina MOSHI na tarehe visomeke kwenye sehemu ya picha iliyo nyeupe au buluu hafifu. Mwonyeshe karani kwa kidole mahali hasa unapotaka. Na nenda na kadi mbili, ya kwanza ikitiwa wino mwingi unayo ya pili.